Wino Usiooza

Mkuki uliwaka njano kwenye ntumba ya kwanza. Kwenye ya pili ukawaka njano tena. Auleria Katepa akauchomoa, akaupangusa kwa kiganja, akajaribu kujidanganya kwamba labda umeishiwa chaji. Haukuwa umeishiwa. Aliyeishiwa chaji ni yeye mwenyewe, ambaye kiangazi chote alikuwa akizunguka uwanda wa juu wa Ufipa kijiji hadi kijiji, akichoma udongo wa watu na kuondoka na habari asizozitaka. Sasa alikuwa amefika kwenye shamba aliloliweka mwisho makusudi. Shamba la mama yake.

"Utalichoma mpaka lini?" mama yake aliuliza. Skolastika alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, jembe begani, kichwa kimefungwa kitambaa cha maua. "Litatoka damu hilo."

"Bado kidogo, mama."

"Tangu asubuhi ni bado kidogo. Sema tu kwamba hujawahi kuona ntumba nzuri kama hizi, nikusamehe."

Kweli hakuwahi kuona. Katika kijiji cha Msandula hakukuwa na mtu aliyejua kujenga ntumba kama mama yake, na hilo halikuwa la kubishaniwa, hata na wenye wivu. Kila masika yanapoelekea ukingoni, watu wa huku hupindua majani kwa jembe, huyalundika pamoja na mabua ya mahindi yaliyovunwa, kisha huyafunika kwa udongo hadi shamba lote linajaa vilima vidogo vya duara. Juu yake hupanda maharage. Ndani, majani na mabua huoza polepole kiangazi kizima. Mawingu ya kwanza yakijikusanya, ntumba huvunjwa, ule weusi wa kiini ukatandazwa, na mahindi yakapandwa juu yake. Hakuna kinachotupwa. Bua lililotoka ardhini hurudi ardhini, na ndiyo maana udongo mwekundu wa kilimani umewalisha watu tangu enzi za mababu wa mababu.

Auleria alichuchumaa kwenye ntumba ya tatu na kuuzamisha mkuki hadi kwenye kiini. Ulikuwa fimbo ya chuma yenye kijicho cha kioo kwenye mpini. Ukiuchoma ardhini unanusa kaboni ya aina moja tu, ile iliyotengenezwa na watu, kisha kijicho kinawaka. Kijani, panda. Nyekundu, shamba limekufa. Njano ndiyo iliyokuwa katikati, na kwa mujibu wa kanuni, njano ni ruhusa. Mkulima anaambiwa awe na tahadhari, anapiga kidole gumba, anapanda.

Kijicho kikawaka njano, na safari hii ilikuwa njano iliyoiva, ya kuelekea kwenye wekundu.

Simu ikanguruma mfukoni. Alijua ni nani kabla ya kuitazama. Daktari Mndolwa, mkuu wa utafiti wa Kampuni ya Rutuba Mpya, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Auleria kuliko yote. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

"Vipi huko, Auleria? Umeshamaliza?"

"Namalizia. Ni njano, Daktari. Kijiji kizima."

"Njano." Alisikika akishusha pumzi. "Basi afadhali. Si nyekundu."

"Kijiji cha Lwela nacho kilikuwa njano. Wakavunja, wakapanda, wakavuna kuliko walivyowahi kuvuna. Msimu uliofuata nikachoma mkuki ukawaka nyekundu kabla sijauzamisha vizuri."

"Najua."

"Mahindi yalisimama kwenye tope, Daktari. Mvua inanyesha, nayo yanakauka."

"Najua, nilikuwa naye mtu wangu huko." Mtu wake huko alikuwa Auleria mwenyewe, ila Daktari naye pia alikuwa amechoka, akasahau. "Nisikilize. Bakteria wa kula wino wanaendelea vizuri maabara. Nipe msimu mmoja tu. Waache wavunje ntumba zao, wapande, wavune. Ukiwatia hofu leo hawatapanda, na unajua ghala la kanda linavyofanya kazi. Anayepewa chakula ni aliyelima akakosa. Asiyelima hapewi. Wewe utawapa nini?"

Auleria aliuchomoa mkuki. Alisema atampigia baadaye, akarudisha simu mfukoni.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza kwa mbali.

"Kazini."

"Mwambie kesho tunavunja. Kama anataka aje, pombe ipo."

* * *

Walikula mchana, ugali na maharage ya juu ya ntumba, wameketi kwenye mkeka uani. Kuku walizunguka wakingoja. Nyumba ya pili juu ya mteremko, moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni kwa Gaudensi Nkoswe, na sauti za watoto wake zilisikika wakigombania kitu.

Auleria aliutazama mkono wa mama yake ukimega tonge. Vidole vilikuwa na weusi kwenye mikunjo, ule weusi wa msimu uliopita ambao hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Mbegu za Rutuba Mpya huja zikiwa zimepakwa, nyeusi tii. Kampuni iliipa dawa ile jina refu, lakini wapandaji waliitazama mikono yao jioni ya kwanza, wakaiita wino, na tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka jina refu. Ni mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba unywele wa mtoto ungekuwa gogo kando yake. Hupenya ganda la mbegu na kuifungulia vijilango vya maji. Mbegu ikapata nguvu ya kunywa hata umande, mzizi ukashuka haraka kuliko ukame.

Watu wasije wakasahau ilikuwaje kabla ya wino. Auleria hakusahau. Katika ile miaka mvua ilipoanza kuja na kukata, mahindi yalikuwa yakifika magotini yanajikunja na kufa, na watu wa uwandani walikula mizizi ambayo hata nguruwe huifikiria mara mbili. Halafu wino ukaja na ghala zikajaa. Mama yake alicheza ngoma mwaka ule hadi akapoteza kiatu, na hadi leo kijiji kinamtania kuhusu kiatu hicho.

Tatizo ni kwamba wino hauozi. Kule tambarare ulikojaribiwa, mabua hupewa ng'ombe au hukatwa na kubebwa, na wino huondoka nayo. Huku kilimani mmea huunyonya wino kutoka ardhini na kuuhifadhi kwenye bua, bua likafukiwa ndani ya ntumba, na mwaka unaofuata mbegu mpya ikaja na wino mpya juu ya ule wa zamani. Ukiwa kidogo unafungua milango. Ukizidi, mirija hujazana kwenye vinyweleo vya mizizi na kuviziba, na hapo ndipo mmea unapokufa kwa kiu ukiwa umelowa.

"Sema," mama yake alisema ghafla.

"Niseme nini?"

"Tangu umefika unakula kama mtu anayemeza vidonge. Kama umefukuzwa kazi sema. Kama ni mwanamume sema pia, ingawa sitaamini."

Auleria alijikuta akicheka, na kicheko hicho kikamvunja. Aliweka tonge chini.

"Ni ntumba, mama. Zina wino mwingi mno."

Skolastika aliendelea kutafuna. Alimaliza, akanywa maji, akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Ntumba zangu?"

"Za kijiji kizima. Zako zaidi."

"Kwa nini zangu zaidi?"

Hapo Auleria alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi ilikuwa na matatizo yake. "Kwa sababu hukuwahi kutupa hata bua moja."

Mama yake alipangusa vidole kwenye kanga. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba mtoto aliyemlea kwa adabu zote amekamatwa akiiba.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "Gaudensi, ambaye ntumba zake zinafanana na vinyesi vya ng'ombe, na mabua nusu anayaacha njiani, yeye amenishinda?"

"Naye ni njano. Njano hafifu."

"Njano hafifu." Skolastika alitikisa kichwa. "Mungu wangu, nimeishi nikamsikia Gaudensi akisifiwa kwa kilimo."

Auleria akamweleza yote. Akamwambia kwamba wakivunja ntumba kesho, mwaka huu watavuna, tena watavuna sana, kwa kuwa wino kabla haujaua husukuma kwanza. Msimu wa pili ardhi itaziba. Haitatoa kitu, wala mwaka wa tatu, wala Auleria akizeeka. Mkuki utawaka nyekundu, kijiji kitafungwa kwa amri, na watu watapakiwa kupelekwa kambini bondeni kama watu wa Lwela, ambako wanagawiwa unga na hawana hata mahali pa kupanda kitunguu. Lakini sasa hivi, wiki hii, karibu wino wote wa kijiji uko ndani ya viini vya ntumba, kwa sababu mahindi ndiyo yaliyouvuta ardhini na watu wenyewe ndio walioyakusanya mabua. Wakitoa viini kabla ya mvua, ardhi itabaki safi. Itabaki pia tupu, nyekundu, bila rutuba. Mwaka huu haitatoa kitu, na ghala la kanda halitawatazama. Mwakani wataanza upya na majani mabichi.

"Viini tutavipeleka wapi?"

"Moto mkali unaumaliza wino. Wa jikoni hautoshi, ila tanuri la matofali linatosha. Tuchanganye na udongo wa mfinyanzi, tufyatue, tuchome."

"Nichukue chakula cha shamba langu nikifanye tofali."

"Ndiyo, mama."

Kuku mmoja alisogea akadonoa tonge lililowekwa chini. Hakuna aliyemfukuza.

"Na kanuni inasemaje?" Skolastika aliuliza. "Hiyo njano yako."

"Inasema ni ruhusa."

"Kwa hiyo ungenyamaza, usingekuwa umemkosea mtu yeyote."

"Kwa karatasi, hapana."

"Na una hakika? Kwamba itakuwa kama Lwela?"

Swali hili ndilo alilokuwa akilikimbia tangu asubuhi. "Nina hakika kiasi cha kunikosesha usingizi. Siyo hakika ya kuapa. Lwela ilikuwa na udongo mzito zaidi. Huenda hapa mkapata miaka miwili. Huenda bakteria wakafika kweli. Ungekuwa wewe ndiye mimi, mama, ungefanyaje?"

"Usinitupie mimi." Sauti ya mama yake sasa ilikuwa na ukali. "Umenitwisha mzigo kichwani bila hata ngata, halafu unaniuliza njia. Mgongo huu umejenga zile ntumba peke yake tangu baba yako afe. Kila moja. Unajua nilivyokuwa nikilala? Nilikuwa nalala kifudifudi kwa maumivu, na nilikuwa na furaha." Akainuka, akashika kiuno, akasimama hivyo mpaka maumivu yakampisha. "Jambo moja tu. Usiniambie mimi peke yangu halafu ukaondoka. Siwezi kuketi hapa najua, na jirani zangu hawajui."

Akachukua kikapu akaenda shambani kuvuna maharage ya mwisho, ambayo hayakuwa na haraka yoyote. Auleria aliosha vyombo. Aliviosha mara mbili, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kufanya. Alikuwa amechoka kuwa mtu anayejua. Kwenye vijiji vyote alivyopita alikuwa amechoma mkuki, akatuma majibu kwa Daktari Mndolwa, akaondoka kabla ntumba hazijavunjwa, na watu wakamfungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Hapa ingekuwa vigumu kuondoka kwa sababu hapa ndipo alipokuwa akirudi.

* * *

Asubuhi ya kuvunja, mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa juu ya kilima cha mashariki. Watu walifika na majembe, na wanawake walibeba vyungu vya pombe ya ulezi, kwa kuwa huku ntumba huvunjwa kwa kuitana, leo kwako kesho kwangu. Ilikuwa desturi Skolastika apige jembe la kwanza, maana ilikubalika kwamba mkono wake ni mwepesi, na mwaka ambao aliugua akapiga mtu mwingine panzi walikuja. Walimngoja sasa, wakitaniana. Mtu mmoja alimuuliza kama leo amevaa viatu vyote viwili.

Simu ya Auleria ikanguruma. Aliitoa, akaliona jina, akaizima kabisa, akaiweka mfukoni. Halafu akapanda juu ya ntumba ya ukingoni ili aonekane, akaanza kusema, na sauti yake mwenyewe ikamsikitisha kwa jinsi ilivyokuwa imechoka. Hakuipamba habari. Alisema mwaka huu watavuna. Alisema na itakavyokuwa baadaye. Alisema hata lile la kwamba hana hakika ya kuapa.

Alipomaliza, utani ulikuwa umekufa. Mzee mmoja aliuliza kama kampuni ndiyo iliyomtuma kusema hayo. Alijibu kwamba kampuni imemtuma kunyamaza. Hilo liliwafanya wengine wamwamini na wengine wamwogope.

Gaudensi Nkoswe alikuwa wa kwanza kusogea. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole ambayo watu waliidhania kuwa ya uvivu. Yeye na Auleria walikuwa wamesoma darasa moja.

"Dada Auleria," alisema, "nikuulize taratibu, usione kama nakukosea heshima. Umesema mwaka huu nikivunja nitavuna?"

"Utavuna."

"Nitavuna vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi umemaliza." Aligeuza jembe mkononi. "Nina watoto wanne. Wanakula mwaka huu. Sijawahi kuona mtoto anayekula mwaka wa kesho kutwa. Unaniambia nikatoe kiini cha shamba nikifyatulie matofali. Sawa. Tutayala kwa mboga gani?"

Wapo waliocheka, ila hawakucheka kwa furaha. Auleria alitafuta jibu. Alikuwa amelitafuta tangu Lwela. Alichopata ni kwamba Gaudensi alikuwa akisema kweli na yeye alikuwa akisema kweli, na kweli mbili hazikumlisha mtoto yeyote.

"Sina jibu, Gaudensi," alisema.

"Nashukuru kwa kutonidanganya," Gaudensi alisema, na ilionekana anashukuru kwelikweli. Akaanza kupanda kuelekea shambani kwake.

Kila aliyekuwa pale alijua maana ya hatua zile. Shamba la Gaudensi lilikuwa juu ya mteremko. Akivunja, mvua ya kwanza itaubeba wino wake hadi kwa Skolastika, itoke hapo iende kwa wote walioko chini hadi kijitoni. Hata wengine wangetoa viini vyote kwa mikono, ingekuwa kazi bure. Kundi lilianza kumeguka. Watu wa ng'ambo ya kijito, ambao maji ya Gaudensi hayawafikii, walitazamana, wakachukua majembe yao, wakaondoka bila kuaga. Baada ya muda vishindo vya majembe vikasikika kutoka upande ule. Walikuwa wakivunja.

"Gaudensi!" Skolastika aliita.

Alisimama. Kumwacha mama wa watu akiita mgongoni ni jambo asiloliweza.

"Ghala lako lina nini?"

"Mama Auleria, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Nimekuuliza kwa sababu nina sababu."

Gaudensi alitazama chini. "Naona sakafu, mama."

"Langu limejaa. Nililijaza kwa huo huo wino." Skolastika alijikokota kupanda mteremko, mkono kiunoni, jembe likimsaidia kama mkongojo, hadi akawa karibu naye, wala hakupunguza sauti. "Watoto wako watakula kwangu. Mkeo Febronia naye atakula. Na wewe, kama utakuwa hujanuna. Tutakula mpaka litakapokwisha, na likiisha kabla ya mavuno tutalala njaa sote, unitukane kadiri utakavyopenda."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula na wao. Nani amekuambia nitapika sufuria mbili?"

Gaudensi alilitua jembe chini. Aliinamisha uso, na Auleria aliyekuwa amewafuata aliona mabega yake yakitetemeka kidogo. Ghala la Skolastika lilikuwa la mtu mmoja mzee mwenye akiba ya kumfikisha mbali. Likigawanywa kwa midomo sita, au saba, halingefika hata mahali ambapo njaa huanza kuzoeleka. Wote watatu walilijua hilo, na Skolastika ndiye aliyelijua zaidi, kwa kuwa kila gunzi lililomo alilipukuchua yeye.

"Siahidi mwaka wa pili, mama," Gaudensi alisema hatimaye. "Huu tu. Mwakani tukiwa hivi hivi, navunja."

"Mimi mwenyewe sijajiahidi mwaka wa pili."

Skolastika akateremka akaenda kwenye ntumba yake kubwa kuliko zote, ile ya katikati ya shamba, ambako msimu huanzia kila mwaka. Watu waliobaki, labda nusu ya waliokuja, wakasogea. Skolastika aliinua jembe. Hakulipiga kwa mpigo mpana wa kutandaza, ule ambao mikono yake iliujua kuliko ilivyojua sala. Alilishusha polepole, akafungua ntumba ubavuni, akaingiza mikono, akatoa kiini. Kilitoka kizima, cheusi, laini, chenye harufu ya mvua, rutuba safi ambayo mkulima yeyote angeilia machozi. Yeye aliilia. Hakujificha na hakujifuta, aliendelea kuchota na kujaza kikapu, machozi yanashuka, anavuta kamasi.

Gaudensi alikuja akachukua kikapu kile, akakitwika, akashika njia ya kuelekea kwenye shimo la udongo wa mfinyanzi. Nyuma yake watu wakaanza kufungua ntumba zingine. Hakuna aliyeimba. Kazi hii haikuwa na wimbo wake bado.

Auleria aliuchoma mkuki kwenye shimo lililobaki. Alingoja kijicho kifikirie. Kikawaka kijani, kijani ya majani mateke, ambayo alikuwa hajaiona kiangazi chote, na moyo wake ukaruka kabla hajauzuia.

"Ni nini hiyo?" mama yake aliuliza, akiinama kutazama.

"Pamepona, mama."

"Patatoa nini mwaka huu?"

"Hakuna kitu."

Skolastika aliigusa ile taa ya kijani kwa kidole. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye udongo mwekundu mtupu, likanywewa papo hapo, na la pili likafuata.

"Simu yako haijalia tena," alisema.

"Nimeizima."

"Kwa hiyo kazi imekwisha."

"Nadhani imekwisha."

"Na utakula wapi?"

Auleria aliupangusa mkuki kwa kiganja. Mama yake akahesabu kwa vidole vyenye weusi, midomo ikitikisika bila sauti, akafika kidole cha nane, akakunja ngumi.

"Haya," alisema. "Shika kikapu. Mvua haitatungoja."